Mwaka Nilipokodi Mjomba

Mwezi uliopita tulimzika Papa Kabamba, fundi wa baiskeli wa mtaa wetu wa Katuba, na kilio chake kilijaa kuliko vilio vya watu waliokufa wakiacha magari matatu. Ninajua, kwa sababu turubai na viti vilitoka kwangu, na viti havikutosha. Vijana waliketi juu ya matofali, na wazee wanne wakabanana kwenye benchi nililolichomelea mwenyewe, wala halikutikisika. Mimi ni Ilunga wa mageti. Kutoka Katuba mpaka njia ya Luano, ukiona geti linafunguka kwa kidole kimoja bila kulia, ni langu. Likilia, ni la mwingine. Shule yangu iliishia mwaka wa tano wa msingi, na bado vijana wawili wenye diploma walio kazini kwangu huja kuniuliza mimi pale mlango unapokataa kukaa sawa. Nayasema haya mapema ili msomaji asifikiri kwamba anayezungumzia shule hapa ni mtu aliyeshindwa na maisha.

Pale kwenye kilio nilikuwa nakula bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, nyuma ya wanawake wawili wasionijua. Mmoja akauliza, "Huyu muzee alikuwa na batoto ngapi?" Mwenzake akajibu, "Ba kuzala, batatu. Ba kukodi, ukahesabie weye." Wakacheka kwa sauti ya chini, ile ya msibani. Nilitaka kuwaambia kwamba mmoja wa wale wa kukodi yuko nyuma yao, lakini mdomo ulikuwa umejaa. Ndipo akaingia Madamu Tshibola kwa fimbo, mwalimu wangu wa zamani, ameshikwa mkono na mjukuu wake Naomie, ambaye mwaka huu anaanza kufundisha, hapo hapo Katuba. Nikawapa viti. Yule binti akaniuliza bila kuzunguka: "Papa Ilunga, nkambo anasema weye ulikuwa ku kalasi yake ya kwanza. Nifanye nini na batoto? Unipashe kitu kimoja." Nilizungumza mpaka chakula kikapoa, na nilipomaliza niliona hakuwa amepata hicho kitu kimoja. Basi nimeona niandike. Kuandika ninajua, na jinsi nilivyojua ndiyo habari yenyewe.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Habari za aliyenizaa na kwa nini sikulala kwake naziacha, hazimsaidii mwalimu yeyote. Darasa letu la mwaka wa tano lilikuwa na watoto hamsini na wawili, madawati ya watu watatu tuliyoketi watano, mabati yaliyopiga kelele mvua ikinyesha hata tukaacha kusikilizana, na kitabu kimoja cha kusoma, cha mwalimu. Madamu Tshibola alikuwa na miaka ishirini na mmoja. Alifika kwa miguu kila asubuhi, akabadilisha viatu mlangoni, vile vya matope akaviweka nje ukutani kama mtu aingiaye nyumba ya watu. Hakuna mwalimu mwingine aliyefanya hivyo. Sisi tulikaa tukishindana kubashiri: anaogopa matope, au anatuheshimu? Mpaka leo sijui, na kilioni nilisahau kumuuliza.

Mimi nilikuwa msomaji bora wa darasa. Kila mtu alisema hivyo, hata Direkta, mkuu wa shule. Masomo ya kusoma yalikuwa ya Kifaransa, na Kifaransa chetu kilikuwa cha kuimba: mwalimu anasema, sisi tunarudia, mpaka somo linaingia. Kwangu liliingia mara moja tu. Kichwa changu kilishika kila kitu, na sijakutana na mtu mwenye kichwa kama kile. Nikiitwa, nilisimama, mikono nyuma, macho ubaoni, nikamwaga somo lote bila kupumua. Wenzangu waliniita Redio. Kwamba sikujua herufi hata moja, jambo hilo nililijua peke yangu, na hata mimi sikulijua vizuri. Nilidhani kusoma ndiko huko.

Siku moja ya Januari tulikuwa na somo la mbuzi aliyeingia bustani ya jirani. Tulikuwa tumeshaliimba lote, na sasa Madamu alikuwa akilinakili ubaoni, na ubao ukamwishia, hivyo akaruka sentensi mbili za katikati. Akaniita mimi. Nikasimama, nikasoma moja kwa moja, pamoja na zile sentensi mbili ambazo hazikuandikwa. Hakuna mtoto aliyegundua. Madamu aligeuka akaangalia ubao, akaniangalia mimi, akaangalia ubao tena. "Rudilia," akasema. Nikarudia, tena kwa madoido. Alianza kucheka, kisha akaacha ghafla. Wakati wa mapumziko akanibakiza ndani, akaandika neno moja kwenye kipande cha karatasi, akaniuliza ni nini. Kwa kuwa somo lilikuwa la mbuzi, nikasema mbuzi. Alikuwa ameandika Katuba.

Hakunipiga. Alisema Pasaka ikipita mkaguzi anakuja, na mtoto asiyejua kusoma hawezi kubaki mwaka wa tano, atarudishwa mwaka wa pili, kati ya watoto wa miaka saba. Kisha akaandika barua ya kumwita mzazi, ile tunayoiita konvokasio, akanipa. "Kesho ukuye na muntu wa nyumba."

Mtu wa nyumba alikuwa Mama Mukubwa, dada mkubwa wa mama yangu, aliyekuwa akinilea na kuuza makala, yaani mkaa. Jioni ile alikuwa akisonga bukari uani, jirani yake ameketi kwenye gunia, na samaki wadogo tunaowaita freta wananukia hata nikasahau shida yangu kidogo. Nilikuwa nyuma ya mlango na barua mfukoni nilipomsikia: "Huyu mutoto, kama masomo inaingia, asome. Kama haiingie, makala iko inamungojea. Miye sitalisha muntu wa kukaa tu ku banki ya kalasi." Jirani akasema, "Lakini balisema anasoma sana." Mama Mukubwa akajibu, na niliisikia furaha iliyokuwa sautini mwake, "Eh! Ule? Anasoma kama padri." Nikairudisha barua chini kabisa ya mfuko. Wewe mwalimu mpya, unapotuma karatasi nyumbani kwa mtu, jiulize itamkuta nani, na usiku huo atalala vipi na furaha yake.

Kuna jambo ambalo watoto wote wa shule yetu walilijua na walimu wapya hawakulijua. Ukiitwa uje na mzazi na nyumbani hakufai, unakwenda kwa Papa Kabamba. Alikuwa na kibanda chake kwenye kona, baiskeli zimening'inia kwenye mifupa ya lori bovu, na kwa sahani ya karanga za kuchemsha alivaa koti lake la kahawia akaja shuleni kuwa mjomba wako. Aliinamisha kichwa, alikukaripia mbele ya mwalimu kwa ukali wa kweli, akaahidi utabadilika. Walimu wa zamani walimjua fika, ila kila mmoja wao alikuwa na baiskeli, na fundi mwema ni yeye tu. Madamu alikuja kwa miguu.

Nikampelekea karanga. Alikuwa akipuliza tairi. "Ulifanya nini? Uliiba? Ulipigana?"

"Ni juu ya kusoma, Papa."

"Unasoma mubaya?"

"Sijue kusoma hata kidogo."

Akaacha pampu. Akanitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotazamia, kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa mahali asipopajua. Kisha akachukua sahani. "Tutaona," akasema.

Kesho yake tuliingia darasani wenzangu wakiwa uwanjani, lakini madirisha hayakuwa na vioo, na vichwa kumi vilikuwa vimejipanga pale. Madamu akainua macho. "Papa, weye tena?"

"Njo miye, Madamu," akakiri kwamba ndiye.

"Siku ya kwanza ulikuwa muyomba ya Kasongo. Siku ya tatu ulikuwa baba mudogo ya Mwamba. Leo uko nani?"

"Kwetu tunazalaka sana, Madamu."

Dirishani wakapasuka kwa kicheko. Yeye hakucheka. Akasimama, na nikaona kwamba anataka kutupeleka wote wawili kwa Direkta. Lakini kwanza akataka kumwaibisha, akamsukumia daftari. "Kama njo muyomba yake, soma hapa maneno niliandika juu ya mwipwa yako. Soma kwa nguvu, na ye asikie." Papa Kabamba akalipokea. Akaliweka mbali na uso, akalileta karibu, akaligeuzia mwanga wa dirisha, akakohoa. "Nilisahau malineti ku nyumba," akasema. Mimi nilikuwa nikipita kibandani kwake kila siku ya maisha yangu na sikuwahi kumwona na miwani. Na nikaielewa ile hila, kwa kuwa ilikuwa dada ya hila yangu. Jasho lilimtoka juu ya mdomo, mtu mzima, mwenye koti, mbele ya msichana wa miaka ishirini na mmoja. Nilimwangalia Madamu ili nione kama ameona. Alikuwa ameona. Sijui wengine wangefanya nini. Mimi mwenyewe leo ningeshinda pale pale na kumfukuza. Yeye aliketi. Akalichukua daftari polepole, akalifunga, na akauliza swali ambalo sikuwahi kusikia mwalimu akimuuliza mtu wa nje.

"Huyu mutoto anajua nini?"

Papa Kabamba alimtazama kwanza, aone kama ni mtego. "Huyu? Huyu anasikilizaka kinga," akasema, kinga ndiyo baiskeli kwetu. "Unapita na kinga inalia, ye anafunga macho, anakuambia: si cheni, ni gololi ya nyuma. Na kinga zote zenye ziko kwangu, makumi mbili, makumi tatu, anajua ile ni ya nani, ilikuya siku gani, ilikuwa na ugonjwa gani. Miye nikisahau, namuuliza ye."

"Bila kuandika?"

"Nani aandike, Madamu?" akasema, na safari hii hakutafuta miwani.

Madamu akauliza kama anaweza kuja kuona. "Ukuye," akasema Papa Kabamba. "Lakini karanga sina tena, nilikula."

Alikuja Jumamosi, na viatu vyake vya matope, akaketi juu ya kasha la soda. Kama kuna mtu aliyewahi kuuliza maswali mengi kibandani pale, ni yeye. Hii inaitwaje, ile inafanya nini, kwa nini spoku ni nyingi hivi, moja ikivunjika nyingine zinajuaje? Papa Kabamba alijibu kifua kikiwa mbele. Na mimi nilisimama nikishangaa kwamba mwalimu anaweza kutojua kitu na asione haya. Kisha akakata maboksi vipande, akaniuliza baiskeli hii ni ya nani. Ya Mama Feza, nikasema. Akaandika, akafunga kipande kwa waya kwenye usukani. Ile? Ya Papa Mutombo. Akaandika. Zikafika kumi na moja. Hakunifundisha neno. Alisema tu, "Sasa angalia," akaenda zake.

Nimefikiri sana juu ya vipande vile, kwa kuwa mtu anayefanya kazi ya mikono hupenda kujua kitu kinashikwa na nini. Nadhani ni hivi: mpaka siku ile, kila karatasi iliniambia jambo nisilolijua, na kwa namna nisiyoijua. Vile vipande vilisema jambo ambalo mimi ndiye nililijua kuliko mwandishi wake. Nilikuwa na jibu mkononi, nikatafuta tu limefichwaje. Jumamosi ya tatu Madamu alifika kabla yangu. Nilipoingia nikatembea kati ya baiskeli, nikasimama. "Madamu, hapa umekosea. Hapa umeandika Feza, na hii ni ya Papa Mutombo." Alikuwa amevibadilisha makusudi. Alipiga makofi mpaka mteja aliyekuwa akisubiri akauliza kama kuna harusi.

Papa Kabamba alidai kwamba yeye yuko kazini tu. "Miye minasikiliza," alisema, lakini midomo yake ilikuwa ikitembea. Madamu akiondoka, aliniita nyuma ya lori: "Ile ya kuanza na mulima mbili, ni nini?" Ni M, Papa. "Na ile ya tumbo?" Hivyo ndivyo nilivyokuwa mwalimu kabla sijawa mwanafunzi mzuri, na nasema bila kujisifu kupita kiasi kwamba nilimfundisha vizuri. Tulitoka kwenye majina tukaenda kwenye magunia ya unga, kwenye makasha, kwenye malori yanayotoka mpakani Kasumbalesa yenye maneno mlangoni. Madamu aliniletea kazi za kuandika kwenye daftari, nasi tukazifanya wawili tukiwa na grisi vidoleni. Daftari lile lilikuwa jeusi kuliko makala ya Mama Mukubwa.

Mkaguzi alikuja baada ya Pasaka, mtu mrefu wa tai, akaketi nyuma karibu na Direkta. Direkta akasema kwa kujiamini, "Mumwite Ilunga asome." Ubaoni lilikuwa somo la mbuzi. Nililijua kwa kichwa tangu Januari, sentensi zote, hata zile mbili. Ningeweza kulimwaga na mkaguzi angepiga makofi. Nilikwenda ubaoni. Watu wanafikiri nilichagua ukweli kwa sababu ya wema, hapana. Nilikuwa na kiburi. Kumwaga kila mtu alinisikia nikimwaga. Hiki kipya hakuna aliyekiona, na nilitaka wote wakione. Nikaweka kidole chini ya neno la kwanza, nikaanza kusoma kweli kweli, neno kwa neno, nikikwama, nikirudi, jasho likinitoka. Nilidhani watashangaa.

Walicheka. "Redio imekufa!" akapiga kelele mmoja wa nyuma. Nikageuka kumtafuta Madamu, naye alikuwa ameelekeza uso dirishani. Miaka yote hii nimesimulia kwamba aliangalia nje ili aniachie uhuru wangu. Pale kwenye kilio nikamwuliza mbele ya mjukuu wake. Alicheka mpaka akashika fimbo. "Uhuru gani? Nilikuwa naomba Mungu useme kwa kichwa! Ilikuwa mwaka yangu ya kwanza, Ilunga. Niliogopa ile muntu ya tai kama niko mutoto." Naomie akamkodolea macho. "Nkambo, ulitaka adanganye?" "Nilitaka kazi," akasema Madamu. "Na ye alikuwa anasoma. Nilitaka bitu bibili." Nimelipenda jibu hilo kuliko lile nililojitungia. Ningependa walimu wapya wote wamsikie akilisema.

Mkaguzi aliandika kwamba mtoto wa mwaka wa tano anasoma kama wa mwaka wa pili, akamwonya Madamu mbele yetu. Saa sita Direkta akanipa barua ya kupeleka nyumbani. Safari hii nilijua kilichoandikwa, na ndiyo sababu miguu haikutaka kwenda. Nikapita kibandani. Papa Kabamba akasikiliza yote, akafuta mikono, akasema twende. Hakuomba karanga.

Mama Mukubwa alikuwa akipima makala kwenye makopo. Akamwona fundi wa baiskeli amesimama uani mwake. "Kuko nini?"

"Nilimusindikiza mutoto. Miye njo muyomba yake."

"Muyomba? Tangu lini?"

"Tangu Januari, Mama."

Akanitazama mimi, akamtazama yeye, akaipokea barua. Hakujua kusoma, akataka kuiweka mpaka katekista apite. "Lete," akasema Papa Kabamba. Akaketi kwenye gunia, akaiweka juu ya goti, akaweka kidole cheusi chini ya neno la kwanza. Direkta alikuwa amewaandikia wazazi kwa Kiswahili. "Mu... to... to," akasoma. "Mutoto we... nu. Ha... ju... i. Ku... so... ma." Akapumua. Mama Mukubwa alikuwa ameacha kopo hewani. "Ha... wezi. Ku... ku en..."

"Kuendelea," nikasema.

"Nyamaza, niko nasoma. Kuendelea. Na mwaka... Arudi..."

"Papa, umeruka mustari. Iko hapa."

"Ni kweli. Wa tano." Akaendelea mpaka mwisho, na mimi nikimrudisha kila alipopotea, mpaka akafika kwenye jina la Direkta na muhuri. Akaikunja barua, akamrudishia.

Mama Mukubwa akaliteremsha kopo. "Nani alikufundisha kusoma, Papa Kabamba? Katuba yote inajua haukusomaka."

Akaninyooshea kidole.

"Na hii barua inasema nini?"

"Inasema mutoto hajue kusoma."

Akaigeuza barua mbele na nyuma, akatuangalia sisi wawili, grisi na yote, akauliza, "Na huyu Direkta, ye anajua kusoma?"

Kesho yake, kabla ya kengele, alinawa makala mikononi, akajifunga kitenge chake cha kanisa, akanishika mkono, akaenda kumwuliza.